Adolphe Kégresse

Adolphe Kégresse (Héricourt, Ufaransa, 20 Juni 1879 – Croissy-sur-Seine, Ufaransa, 9 Februari 1943) alikuwa mhandisi na fundi wa magari kutoka nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kubuni mikanda ya mpira iliyochukua nafasi ya magurudumu ya nyuma, ili gari la kawaida liweze kwenda juu ya theluji na baadaye juu ya mchanga na matope.

Alianza kazi hiyo nchini Urusi alipokuwa akisimamia magari ya Tsar Nikolasi II, akaiendeleza Ufaransa pamoja na kampuni ya Citroën. Magari yenye mikanda yake yalivuka jangwa la Sahara, yakapita Kongo, Uganda, Kenya na Tanganyika, yakafika Beijing na hata Antaktiki. Katika miaka yake ya mwisho alibuni pia giaboksi yenye klachi mbili, iliyosahauliwa kwa miongo kadhaa kabla ya kuingia katika magari ya kisasa.

Utoto na masomo

Kégresse alizaliwa Héricourt, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa ulio kati ya milima ya Vosges na ile ya Jura, mahali ambapo theluji si jambo geni. Karibu na hapo kuna Montbéliard, eneo la viwanda vya familia ya Peugeot, waliokuwa wakitengeneza zana za chuma na baiskeli kabla ya kugeukia magari miaka kumi hivi baada ya Kégresse kuzaliwa. Kijana mwenye kipaji cha ufundi hakuhitaji kwenda mbali kutafuta elimu. Kégresse alisoma ufundi huko Montbéliard, akafanya utumishi wa jeshi, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 akahamia Urusi.

Wakati huo Urusi ilikuwa na matajiri wengi walionunua magari kutoka Ufaransa na Ujerumani, lakini mafundi wa kuyahudumia walikuwa wachache. Fundi Mfaransa aliyejua injini alipata kazi kwa urahisi.

Katika gereji ya Tsar

Nikolasi II alichelewa kuyapenda magari, lakini alipoyapenda aliyanunua kwa wingi. Gereji yake kuu ilikuwa Tsarskoye Selo, karibu na Sankt Peterburg, na kulikuwa na nyingine Peterhof na Livadia kwenye rasi ya Krimea. Ndani yake kulikuwa na magari ya Delaunay-Belleville kutoka Ufaransa, Mercedes ya Ujerumani, Rolls-Royce ya Uingereza na Russo-Balt ya Urusi yenyewe. Msimamizi wa gereji alikuwa mwanamfalme Vladimir Orlov. Kégresse aliingia humo kama fundi, akapanda hadi kuwa mkuu wa ufundi, na mara nyingi alimwendesha Tsar mwenyewe. Alikaa katika kazi hiyo kwa takriban miaka kumi.

Tatizo lake kubwa lilikuwa majira ya baridi. Katika eneo la Sankt Peterburg theluji hukaa ardhini miezi mingi kila mwaka. Wenye farasi walikuwa na suluhisho la zamani: theluji ilipoanguka, magari ya farasi yenye magurudumu yaliwekwa bandani na farasi wakafungwa kwenye sleji, yaani vyombo vinavyoteleza juu ya mbao mbili ndefu. Magurudumu yalirudi kazini theluji ilipoyeyuka. Gari la injini halikuwa na njia kama hiyo. Mbao za kuteleza zinatosha pale ambapo kuna farasi wa kuvuta, lakini gari hujisukuma lenyewe kwa magurudumu ya nyuma, na magurudumu hayo yakizunguka bila kushika, gari halisogei.

Matairi ya wakati huo yaliongeza taabu. Yalikuwa membamba na marefu, na yalijazwa upepo kwa shinikizo kubwa kiasi cha kuwa magumu kama mti. Kwenye theluji laini yalizama kama kisu katika siagi. Wengine walifunga minyororo kuzunguka tairi. Hataza ya minyororo ya namna hiyo ilitolewa kwa Mmarekani Harry Weed mwaka 1904, na inatumika hadi leo. Minyororo husaidia tairi kushika kwenye barafu au theluji iliyoshindiliwa, ila haisaidii kitu gari linapozama hadi kwenye ekseli.

Kégresse alilitazama jambo hilo upande mwingine: gari libaki kama lilivyo, kibadilishwe kile tu kinachogusa ardhi. Katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alijaribu namna mbalimbali za kuondoa magurudumu ya nyuma na kuweka mkanda mpana unaozunguka bila mwisho kila upande. Mbele aliacha magurudumu ya kuongozea, akayafungia mbao za kutelezea yasizame. Magari kadhaa ya Tsar yalibadilishwa hivyo, likiwemo Packard la Marekani lililotumika katika majira ya baridi ya mwisho kabla ya mapinduzi.

Jinsi mikanda ilivyofanya kazi

Mashine zenye minyororo ya chuma zilikuwepo kabla ya Kégresse. Matrekta ya Marekani yalizitumia, na vifaru vya kwanza vya vita vilifuata njia hiyo. Minyororo ya chuma ni imara lakini ni mizito, ina kelele, hula mafuta na huharibu barabara. Haifai gari la abiria. Mkanda wa Kégresse ulitengenezwa kwa mpira ulioimarishwa kwa turubai, kwa hiyo ulikuwa mwepesi, ulijipinda kwa urahisi, na gari liliweza kwenda kasi zaidi bila kutikisa abiria.

Kila mkanda ulizungushwa juu ya magurudumu mawili makubwa, moja mbele na moja nyuma. Katikati yake palikuwa na rola ndogo zilizoukandamiza mkanda ardhini. Rola hizo zilifungwa kwenye vyuma vilivyoweza kuyumba, na fungu zima liliweza kuinama mbele na nyuma. Ardhi ilipoinuka, mkanda ulifuata umbo lake. Sehemu hii ndiyo iliyokuwa ya werevu zaidi katika ubunifu wake, kwa sababu mkanda usioweza kuinama hugusa ardhi kwa sehemu ndogo tu kwenye njia mbovu, na faida yote hupotea.

Faida yenyewe inaonekana kwa hesabu nyepesi. Tuseme gari lina uzito wa kilogramu 1,600, na nusu yake iko juu ya magurudumu mawili ya nyuma. Kila tairi likigusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 100, basi kila sentimita ya mraba ya theluji inabeba kilogramu 4. Badala ya matairi hayo ikiwekwa mikanda miwili yenye upana wa sentimita 20, na urefu wa sentimita 100 ukiwa umelala chini, uzito uleule unasambaa juu ya sentimita za mraba 4,000. Kila moja inabeba gramu 200 tu, ambazo ni karibu sawa na mtu mzima aliyesimama kwa miguu yote miwili.

Mfumo huo ulikuwa na udhaifu pia. Katika magari ya mwanzo mkanda ulisukumwa kwa msuguano tu, kama mkanda wa mashine ya kusaga. Maji, matope au barafu vilipoingia kati ya mkanda na gurudumu lake, gurudumu lilizunguka mkanda ukabaki palepale. Kwenye mawe makali mpira ulichakaa upesi. Kégresse alitumia miaka iliyofuata kurekebisha kasoro hizo, na magari ya baadaye yalipewa magurudumu yenye meno yaliyoushika mkanda bila kuteleza.

Vita na mapinduzi

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Urusi lilikumbwa na tatizo lilelile la gereji ya Tsar, kwa ukubwa wa kutisha zaidi. Magari ya deraya aina ya Austin yaliyonunuliwa Uingereza yalikuwa mazito mno, na nje ya barabara yalikwama. Mwaka 1916 mikanda ya Kégresse ilijaribiwa kwenye magari ya deraya, na kiwanda cha Putilov cha mjini Petrograd (jina la Sankt Peterburg wakati huo) kikapewa kazi ya kuyatengeneza.

Kazi hiyo haikukamilika kabla ya utawala wa Tsar kuanguka mwaka 1917. Kégresse, aliyekuwa mtumishi wa familia ya kifalme, aliondoka Urusi kupitia Ufini na kurudi kwao. Mikanda yake ilibaki. Wabolsheviki waliendelea kuunda Austin zenye mikanda huko Putilov, wakazitumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Wapoland waliteka moja katika vita vya mwaka 1920. Kiwanda hichohicho kilifunga mikanda na mbao za kutelezea kwenye gari la Rolls-Royce, likapewa Vladimir Lenin kwa safari za majira ya baridi. Hivyo ubunifu uliofanywa kwa ajili ya Tsar ulimbeba mtu aliyeongoza serikali iliyochukua nafasi yake.

Kujiunga na Citroën

Aliporudi Ufaransa Kégresse alikutana na Jacques Hinstin, mfanyabiashara wa magari aliyekuwa akifahamiana na André Citroën. Citroën alikuwa ameanza kuuza magari mwaka 1919 na alitafuta kila njia ya kulitangaza jina lake. Alipoonyeshwa mikanda ya Kégresse alielewa upesi thamani yake: gari dogo la bei nafuu litakalopita mahali ambapo hakuna gari lingine linaweza kupita. Kuanzia mwaka 1921 mikanda hiyo ilifungwa kwenye Citroën ndogo yenye injini ya nguvu za farasi 20 hivi. Magari hayo yaliitwa kwa majina ya watu watatu: Citroën, Kégresse na Hinstin.

Majaribio ya mwanzo yalifanyika kwenye theluji ya milimani. Lakini Citroën alikuwa na mawazo makubwa zaidi ya kuwapeleka wageni kwenye hoteli za milimani. Mchanga wa jangwa, kwa upande wa gari, unafanana sana na theluji laini: nao hauwezi kubeba uzito uliokusanyika mahali padogo.

Kuvuka Sahara

Tarehe 17 Desemba 1922 magari matano yenye mikanda ya Kégresse yaliondoka Touggourt, Aljeria, yakiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Kila gari lilikuwa na jina lake. La Haardt liliitwa Mbawakawa wa Dhahabu. Yalifika Timbuktu tarehe 7 Januari 1923, na hivyo kuwa magari ya kwanza kuvuka Sahara kutoka kaskazini hadi kusini. Safari ambayo misafara ya ngamia ilichukua miezi ilimalizika kwa majuma matatu. Baadaye magari yakarudi yalikotoka kwa njia ileile, jambo ambalo kwa fundi lina uzito kuliko kufika kwenyewe.

Kégresse hakuwa miongoni mwa waliovuka. Magazeti yaliwasifu zaidi Haardt, Audouin-Dubreuil na André Citroën mwenyewe, na hadi leo wengi wanaozijua safari hizo hawajui jina la mtu aliyebuni mikanda.

Kupita Afrika ya Kati na ya Mashariki

Safari ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Magari manane yaliondoka Colomb-Béchar, Aljeria, tarehe 28 Oktoba 1924. Yalivuka Sahara, yakapita Niger, Chad na Ubangi-Shari (leo Jamhuri ya Afrika ya Kati), kisha yakaingia misitu ya Kongo ya Kibelgiji hadi Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Huko mchanga haukuwa tatizo tena. Taabu ilikuwa matope, mito isiyo na madaraja na miti, na palihitajika nguvu kazi ya wenyeji wengi waliofyeka njia ili magari yapite. Masimulizi ya Kifaransa ya wakati huo yanaisifia mikanda kuliko mikono hiyo.

Walipofika Kampala, Uganda, msafara uligawanyika katika vikundi vinne vya magari mawili mawili. Kimoja kilipita Kenya hadi Mombasa, cha pili kilivuka Tanganyika hadi Dar es Salaam, cha tatu kilienda Msumbiji, na cha nne kilishuka hadi Cape Town, Afrika Kusini. Vikundi vitatu vya kwanza vilivuka bahari kwenda Madagaska na kukutana Antananarivo mnamo Juni 1925. Cha Cape Town kilimaliza safari baadaye. Msafara ulikuwa na mchoraji Alexandre Iacovleff na mwongozaji wa filamu Léon Poirier, na picha zao zilionyeshwa sana Ulaya. Kwa Citroën ilikuwa biashara, kwa serikali ya Ufaransa ilikuwa njia ya kuonyesha nguvu zake katika makoloni, na kwa Kégresse ilikuwa jaribio refu la mpira katika joto, vumbi na unyevu.

Asia, Kanada na Antaktiki

Safari ya tatu ilianza Beirut mnamo Aprili 1931 na kuishia Beijing mnamo Februari 1932. Kundi jingine lilitoka China kuelekea magharibi. Magari mawili yalipandishwa njia za Himalaya hadi Gilgit, mara nyingine yakifunguliwa vipande na kubebwa na wapagazi. Sehemu ya mwisho, kupita jangwa la Gobi, ilifanyika katikati ya majira ya baridi kali. Haardt alifariki Hong Kong mnamo Machi 1932 kwa ugonjwa wa mapafu kabla ya kurudi kwao.

Mwaka 1934 tajiri Charles Bedaux aliagiza magari matano ya aina hiyo kwa safari ya kaskazini mwa British Columbia, Kanada. Hiyo ilishindwa kabisa. Mvua hazikukatika, matope yaliwashinda, na magari yaliachwa njiani. Baadhi yaliharibiwa makusudi ili kupata picha za filamu.

Mwaka huohuo, upande mwingine wa dunia, gari la Kégresse lilifanya kazi iliyofanana zaidi na ile iliyokusudiwa na mbunifu wake. Mpelelezi Mmarekani Richard Byrd alikuwa amepeleka Antaktiki magari matatu ya Citroën yenye mikanda. Kuanzia mwishoni mwa Machi 1934 Byrd alikaa peke yake katika kibanda kilichofukiwa ndani ya theluji, takriban kilomita 200 kutoka kambi kuu, ili kupima hali ya hewa katika giza la majira ya baridi. Moshi wa jiko na wa injini ya umeme ulimtia sumu kidogo kidogo. Hakutaka kusema, lakini wenzake waliona kwamba ujumbe wake wa redio ulikuwa umeanza kuvurugika. Walijaribu mara mbili kumfikia wakarudi kwa sababu ya giza, nyufa za barafu na hitilafu za mitambo. Mara ya tatu, mnamo Agosti, watu watatu walifika na gari lao wakamkuta hai, amedhoofika mno. Walikaa naye miezi miwili hadi ndege ilipoweza kuja.

Miaka ya mwisho

Kampuni ya Citroën ilifilisika mwaka 1934 na kuchukuliwa na Michelin. Safari za gharama kubwa zilikoma. Kégresse aliendelea na kazi kwa njia nyingine, na kampuni ya Unic ilitengeneza lori la kijeshi lenye mikanda yake, P107, ambalo jeshi la Ufaransa lilitumia kukokota mizinga.

Katika miaka hiyo aligeukia jambo tofauti kabisa. Alibuni giaboksi yenye klachi mbili: moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na kadhalika, nyingine inashika zile za shufwa. Wakati gari linakwenda kwa gia moja, gia inayofuata iko tayari upande wa pili. Kubadilisha ni kuachia klachi moja na kushika nyingine, bila nguvu ya injini kukatika. Alijaribu giaboksi hiyo kwenye gari la Citroën Traction Avant. Ilifanya kazi, lakini fedha hazikutosha na vita vilikuwa mlangoni.

Jeshi la Ujerumani lilipoivamia Ufaransa mwaka 1940, Kégresse alikuwa ametengeneza kigari kidogo cha mikanda kisicho na dereva, kilichoongozwa kwa mbali, cha kubebea baruti. Kigari hicho kilifichwa mtoni Seine kisiangukie mikononi mwa adui. Wajerumani wakakipata. Kampuni ya Borgward ya Bremen iliagizwa kutengeneza chombo cha namna hiyo, nacho kikawa Goliath, bomu la kutambaa lililotumiwa na jeshi la Ujerumani hadi mwisho wa vita. Kwa mara ya pili katika maisha yake, kazi ya mikono yake iliangukia mikononi mwa watu ambao hakuwakusudia.

Kégresse alifariki Croissy-sur-Seine, karibu na Paris, tarehe 9 Februari 1943, Ufaransa ikiwa bado chini ya Wajerumani. Alikuwa na umri wa miaka 63.

Urithi

Nchini Marekani jeshi lilinunua gari la Citroën-Kégresse mwaka 1931 na kulichunguza. Kutoka hapo yalikuja magari ya M2 na M3, yenye magurudumu mbele na mikanda ya mpira nyuma, yaliyotengenezwa kwa makumi ya maelfu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Poland ilikwenda kinyume: magari yake ya deraya ya aina ya wz. 28 yalivuliwa mikanda na kurudishiwa magurudumu, kwa sababu mikanda ilichakaa haraka na kupunguza mwendo.

Kwenye theluji yenyewe, njia iligawanyika. Huko Québec, Kanada, Joseph-Armand Bombardier alimpoteza mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa sababu theluji ilizuia kumfikisha hospitali. Miaka michache baadaye alianza kuuza gari lenye mikanda nyuma na mbao za kutelezea mbele, lenye gurudumu la meno lililovikwa mpira ili barafu isigande juu yake. Mpangilio huo wa mikanda na mbao unafanana na ule wa magari ya Tsarskoye Selo.

Madereva wa kawaida walifuata njia nyingine. Kadiri miji na serikali zilivyonunua mashine za kusukuma theluji, barabara zilibaki na tabaka jembamba tu, na hapo mkanda mpana hauna kazi. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira kilichokuja kuwa Nokian nchini Ufini kilitoa tairi la majira ya baridi kwa malori, na mwaka 1936 lile la magari madogo. Siku hizi katika nchi za baridi watu wengi huwa na seti mbili za magurudumu. Wakati wa baridi hufunga ringi ndogo zaidi zenye matairi membamba kidogo kuliko ya kiangazi, ya mpira laini usiogeuka mgumu nyuzijoto zinaposhuka chini ya 7 hivi.

Wembamba huo unaonekana kupingana na hesabu ya Kégresse, lakini ni hesabu ileile iliyopinduliwa: theluji ikiwa ya kina kirefu, gari linatakiwa kuelea juu yake, ikiwa nyembamba, tairi linatakiwa kuipenya na kushika lami iliyo chini. Ringi ndogo huacha pia ukuta mrefu zaidi wa mpira, unaopokea vishindo vya mashimo yaliyofichwa na theluji, na matairi yake kwa kawaida ni ya bei nafuu. Mipaka ipo, kwani ringi ikiwa ndogo mno haiingii juu ya breki.

Giaboksi ya klachi mbili ilirudi katika magari ya mashindano ya Porsche na Audi katika miaka ya 1980. Mwaka 2003 Volkswagen iliiweka katika Golf R32 iliyouzwa kwa watu wa kawaida, na tangu hapo imeenea kwa watengenezaji wengi.

Rolls-Royce ya Lenin yenye mikanda ya Kégresse nyuma na mbao za kutelezea mbele bado ipo, katika makumbusho ya Gorki Leninskiye karibu na Moscow.